Kipupwe cha Wajerumani

"Rimu nyeusi za chuma ni za gari la posta," alisema Ilpo Kokkonen, akaisukuma moja kwa ncha ya kiatu. "Mimi siendi kanisani na gari la posta."

Kanisani hakuwa amekanyaga tangu siku aliyofunga ndoa, lakini hilo tuliache. Outi, mwenye duka la matairi, alimtazama kidogo kisha akarudia swali lake. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba, na foleni ya magari nje ya duka pale mjini Kajaani ilikuwa imefika barabarani. Kila mtu alitaka kulivalisha gari lake matairi ya baridi kabla theluji haijashuka.

"Nimeuliza, gari linapita wapi?"

"Barabarani," akajibu Ilpo.

Virpi, mkewe, alikuwa nyuma yake ameshika pochi. Yeye ndiye angeliendesha gari hilo kila siku iendayo kwa Mungu. Kazi ya Ilpo ilikuwa kuliosha. "Naanza uuguzi wa majumbani," akasema. "Vijiji vya huko Lehtovaara. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, greda la theluji halijapita."

"Kumbe. Basi hapa hatuna mjadala, mama." Sasa Outi alimgeukia yeye. Alishusha tairi moja kutoka kwenye rafu, akapitisha kiganja juu ya vichwa vidogo vya chuma vilivyochomoza kwenye mpira. "Misumari. Inauma barafu. Unayafunga kwenye rimu hizi za chuma, hata ukigonga jiwe, rimu unainyoosha kwa nyundo. Sura haina, lakini utafika. Yale ya kiangazi unatuachia, yanalala hapa kwenye hoteli yetu ya matairi mpaka Aprili."

"Hoteli?" Ilpo akacheka. "Mimi mwenyewe sijalala hotelini mwaka wa tisa huu, tairi ndilo likalale?"

"Nataka hayo ya misumari," Virpi alisema.

"Tutafikiria," Ilpo alisema, na tayari alikuwa anaelekea mlangoni.

Ndani ya gari Virpi alimwambia tena, polepole, kwamba mlima wa Lehtovaara si wa kuchezea na kwamba yeye angependa misumari. Ilpo alimjibu kwamba misumari inapiga kelele, inakula mafuta, na kwamba siku hizi watu wenye akili wameiacha. Amesoma mtandaoni. Na mwanamume aliyesoma mtandaoni hafundishwi na mwanamke aliyefunga matairi miaka ishirini na sita.

Tangu kiwanda cha mbao kimpunguze kazini, Ilpo alikuwa amebaki na mambo mawili ya kumfanya aitwe mtu: kuni zake, alizozipanga kwa rula, na gari. Kwa hiyo alikaa jikoni siku nne akitazama picha za rimu, akizikuza na kuzipunguza. Virpi akipita na kikapu cha nguo alionyeshwa. "Hizi je? Ona miguu yake." Virpi alisema, kwa mara ya tatu sasa, kwamba yeye anataka ya misumari. Ilpo akasema, "Sawa, lakini hizi je?" Siku ya tano akaagiza kutoka Ujerumani seti nzima: rimu nne za aluminiamu zenye kung'aa, na matairi ya baridi yakiwa yameshafungwa juu yake. Pesa zilikuwa za Virpi na uamuzi ulikuwa wa Ilpo. Ndivyo kazi zilivyogawanywa katika nyumba ile.

*

Mzigo ulifika Novemba, na Jumamosi Ilpo akafunga magurudumu uani, mchana kweupe, mahali ambapo kila apitaye angeona. Jarkko, mdogo wake Virpi, alikuwa amekuja kutoka Oulu kula keki. Alilizunguka gari mara mbili, mikono mifukoni.

"Shemeji, hapo umetisha," akasema. "Hili sasa ni gari. Ukilipeleka Oulu watadhani umelinunua jana."

"Rimu ndiyo sura ya gari, shemeji. Mengine ni mabati tu."

"Kabisa. Dada, unaona mumeo alivyo na jicho?"

"Naona," Virpi alisema.

Akaja mzee Urho wa nyumba ya pili. Urho alikuwa ameendesha greda la theluji miaka thelathini na moja katika barabara hizo hizo, na kama kuna mtu anayeijua barafu kwa jina na ukoo, ni yeye. Hakuzunguka. Aliinama penye gurudumu la mbele, akasoma maandishi ya ubavuni mwa tairi, kisha akabonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Alibonyeza tena. Akasimama, akafuta mkono kwenye suruali.

"Yamefika, naona."

"Yamefika, mzee. Kutoka Ujerumani."

"Ee. Ni mbali."

Basi. Aliingia ndani, akanywa vikombe viwili vya kahawa, akazungumzia bei ya dizeli na goti lake, akaaga.

Huku kwetu hiyo ndiyo heshima. Ukimwona jirani anakosea ndani ya uwanja wake mwenyewe, hufungui mdomo, maana kumwambia mtu mzima kwamba amepumbazwa ni kumvua nguo mbele ya mkewe. Lakini gari lake likishaingia mtaroni, watakuja wanaume watano na kamba, watamvuta, na hakuna hata mmoja atakayeuliza aliingiaje. Tunajisifu nayo sana tabia hiyo. Mimi naiita uvivu wa ulimi, na sijawahi kuona ukimfaa mtu.

Jarkko aliondoka saa tisa. Virpi alikuwa kizingitini na sahani ya keki mkononi, na lami ilikuwa bado kavu, kwa hiyo alisikia vizuri kabisa. Gari la Jarkko lilikwenda likilia tiki-tiki-tiki mpaka kwenye kona.

"Jarkko ana misumari," akamwambia mumewe.

"Gari la kampuni lile. Hakuchagua yeye." Ilpo alikuwa amepiga magoti na kitambaa, akisugua alama ya kidole ambayo hakuna mwingine aliyeiona. "Kama angechagua yeye, angechagua hizi."

"Na mzee Urho alikuwa anabonyeza nini?"

"Anashangaa. Hajaona kitu kama hiki."

*

Desemba ilianza na baridi kavu, theluji ikilia chini ya miguu, na matairi yakaishika barabara. Virpi akapumua. Kazi aliipenda. Alikuwa na wagonjwa saba katika orodha yake na miezi minne ya majaribio, na baada ya hapo, kama hakuna doa, angeandikwa wa kudumu. Katika nyumba ya watu wawili ambamo mmoja anapanga kuni, ajira ya kudumu si jambo la kupiga nalo soga. Ilpo mwenyewe alilijua hilo, ila hakupenda litajwe wakati wa chakula.

Wa kwanza katika orodha alikuwa bibi Hilja, miaka themanini na minane, peke yake juu ya mlima wa Lehtovaara. Sindano yake ya sukari ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Vidole vyake havikuweza tena kushika sindano, na bila sindano hakuthubutu kula uji. Mwaka uliopita alichelewa kuchomwa siku mbili mfululizo, akalazwa wiki tatu.

Wiki ya pili ya Desemba mvua ikanyesha juu ya theluji iliyoshindiliwa, na usiku baridi ikarudi. Asubuhi barabara ilikuwa kioo chenye maji juu yake. Virpi aliuanza mlima taratibu, gia ya pili. Katikati gari likasita, likanguruma, magurudumu yakizunguka mahali pamoja. Kisha likaanza kurudi nyuma. Hakukanyaga breki, aliachia usukani ufuate, kama anavyofundishwa mtoto wa shule huku. Likateleza upande, likalala mtaroni bila haraka yoyote, taa zikiangalia miti.

Alichukua mkoba, akapanda kwa miguu akishika matawi ya pembeni. Mara mbili alianguka, mara ya pili kwa goti. Alifika saa mbili na dakika ishirini. Bibi Hilja alikuwa mezani na bakuli la uji uliokwishaganda, hajaugusa.

"Nilidhani umekufa, binti," akasema, kama anayetaja hali ya hewa. "Nikawaza, sasa nani ataniambia."

Kipimo cha sukari kikasoma kumi na tisa, juu mno. Virpi alimchoma, akampashia uji, akampigia simu msimamizi wake, Eija.

"Kuchelewa kwa leo sikuandiki," Eija alisema. "Barafu ni barafu. Ila sikiliza, Virpi. Uko kwenye majaribio, na mimi siwezi kumweka pale juu mtu asiyefika. Niambie ukweli. Ni gari?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini mwanamke anayesema gari la nyumbani kwake ni bovu amemsema na aliyeliandaa, na Virpi naye ni wa huku huku, amekunywa maji hayo hayo.

"Gari ni zima," akasema.

"Basi ni dereva," Eija alisema, si kwa ubaya. "Jitahidi."

Urho alimvuta kwa trekta. Alifunga mnyororo, akavuta, akafungua mnyororo, neno hakusema. Alikuwa anapanda tena kwenye trekta Virpi alipomwita.

"Mzee Urho. Siku ile uani, ulikuwa unabonyeza nini?"

Mzee alitazama mnyororo wake. "Mpira."

"Ukaonaje?"

"Mgumu."

"Mzee, mimi nimeanguka mara mbili asubuhi hii na bibi Hilja amekaa na njaa. Usinipe neno moja moja kama unalipia."

Urho alivua kofia, akaivaa tena. "Ubavuni wameandika kasi linayoweza kuvumilia. Mia mbili na arobaini kwa saa. Nani anakwenda mia mbili na arobaini Lehtovaara? Tairi la hapa mpira wake ni laini kama sikio la mtoto. Haya yametengenezwa kwa baridi ya Wajerumani. Kule kwao ni kipupwe tu, mama. Mvua, matope, asubuhi tatu nne za umande mgumu, basi wanapanda maua. Wameandika tairi la baridi na hawakudanganya. Ni baridi ya kwao."

"Ulijua siku ile ile?"

"Kabla kahawa haijapoa."

"Ukanyamaza."

"Nilikuwa uani kwa watu," Urho alisema, akapanda trekta.

*

"Ni mguu wako," Ilpo alisema jioni, akikata soseji. "Unakanyaga mafuta kwa nguvu. Tairi halina kosa."

"Urho anasema ni ya kipupwe cha Wajerumani."

"Urho anaendesha pikapu ya mwaka themanini na saba. Pikapu yake ina kutu mpaka kwenye funguo. Huyo ndiye wa kunifundisha?"

"Ilpo, nikichelewa tena kazi imekwenda."

"Hutachelewa. Kesho nakupeleka mimi, uone gari linavyoendeshwa."

Na kweli aliamka kabla yake, akachemsha kahawa, akavaa glavu za ngozi. Mgala muue na haki yake umpe: mikono ya Ilpo kwenye usukani ilikuwa mizuri. Aliuanza mlima kama mtu anayepanda ngazi na mtoto aliyelala begani. Gia ya pili, mafuta kidogo, kidogo. "Unaona?" akasema. "Unaona sasa?" Pale pale alipokwama mkewe jana, gari likasita. Ilpo akaacha kusema. Magurudumu yakazunguka, yaking'aa bila shaka, ila gizani hakuna aliyeyaona. Kisha wakaanza kurudi nyuma. Walirudi mlima wote, taratibu, wakitazama mbele kama watu wenye adabu, mpaka chini kabisa penye visanduku vya barua vya kijiji. Wakaviangusha vyote sita. Gurudumu la nyuma likaingia mtaroni na pua ya gari ikaziba barabara nzima.

Hapo tena kila mtu ana shughuli zake. Likaja lori la maziwa, likasimama. Ikaja teksi ya watoto wa shule, ikasimama, na dereva wake, mama mmoja wa Lehtovaara, akashuka na tochi. Mwisho ikaja pikapu ya Urho, ikilia tiki-tiki juu ya barafu kama inapita sebuleni. Wakasimama wote kulizunguka gari. Mwenye lori akaanza kukunjua mnyororo. Hakuna aliyeuliza kitu. Tochi ya mama wa teksi ikapita juu ya rimu, ikang'aa, ikahamishwa haraka, kama imemulika mtu msalani.

Simu ya Virpi ikalia. Alikuwa ameshika mkoba mkono mmoja na vidole vya glavu ni vinene, kwa hiyo alipobonyeza, sauti ya Eija ilitoka nje kwa wote.

"Uko wapi? Bibi Hilja amenipigia, yuko dirishani, anaona taa zako chini ya mlima zimesimama."

"Tumeteleza."

"Tena? Virpi, ninapaswa kuandika kitu hapa. Jana umesema gari ni zima. Basi niandike kwamba dereva hawezi njia hii?"

Watu wakatazama theluji. Ilpo naye akatazama theluji. Alikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye simu. Mdomo anao, sauti anayo, na asubuhi hiyo yote alikuwa akiitumia. Virpi alimpa muda. Alimpa muda mrefu kuliko alivyostahili, mpaka Eija akasema "Haloo?" Ilpo akainama, akapangusa theluji kwenye kisanduku kimoja cha barua, akakisimamisha wima, kikaanguka tena.

"Andika," Virpi alisema. "Dereva anaweza. Leo hata si mimi niliyeendesha, ni mume wangu. Ndiye aliyenunua matairi ya kipupwe cha Wajerumani kwa sababu alipenda rimu. Nilimwambia sitaki. Na hapa nilipo nimezungukwa na watu ambao wote walijua isipokuwa yeye, hakuna aliyesema, na mimi jana nilikudanganya. Matairi hayafai, Eija. Yameshindwa tangu siku ya kwanza."

Hakuna kitu kama hicho kilichowahi kusemwa Lehtovaara, wala ndani ya nyumba, sembuse barabarani. Urho alikohoa. Mama wa teksi akazima tochi, kwa huruma nadhani.

"Haya," Eija alisema. "Leo naandika gari, sikuandiki wewe. Utafika kwa bibi Hilja saa ngapi?"

"Moja na nusu."

Ilikuwa saa moja na dakika ishirini na mbili. Virpi akamnyooshea Urho mkono, kiganja juu. "Mzee. Funguo."

Mzee alizitoa bila neno, na safari hii ukimya wake ulikuwa na faida. Virpi alikuwa ameshafungua mlango wa pikapu aliposikia nyuma yake mwenye lori akijaribu kurudisha mambo mahali pake, kama ilivyo desturi.

"Lakini rimu zenyewe," alisema mwenye lori, "ni nzuri."

"Ni nzuri," Ilpo alisema.

"Nzuri sana," Urho alisema, na wakaanza kuvuta.

Pikapu ilinuka dizeli na mbwa. Njia ilipofunguka tu, ilipanda ule mlima ikitafuna barafu kwa kelele mbaya, haikusita hata mara moja, na saa moja na dakika ishirini na tisa bibi Hilja alikuwa ameshakunja mkono wa gauni.

Virpi alirudi nyumbani saa tisa alasiri na mguu unamuuma. Gari lilikuwa uani juu ya magogo, halina hata gurudumu moja. Ilpo alikuwa amekaa jikoni na kofia kichwani. Alikuwa amempigia Outi, akasema. Ya misumari, rimu za chuma, kesho saa nne. Alisema hayo akilitazama dirisha. Kisha akakizungusha kikombe mezani, na Virpi akaona kuna jambo linamkereketa.

"Ungeniambia nyumbani," Ilpo alisema hatimaye. "Si mbele ya watu."

Virpi alikuwa anavua viatu. Alimaliza kimoja, akaanza cha pili.

"Nyumbani nilikwambia," akasema. "Mtaroni ndiko ulikosikia."